Kobe Anapotafuna Ukuta

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuyaweke kando mazungumzo ya ada za shule na bei za sokoni, tumtazame kiumbe ambaye katika baadhi ya nyumba zetu hukaa uani miaka nenda miaka rudi bila ya mtu kumjali sana. Nakusudia kobe. Nina deni naye, na nimeona ni vyema nilikiri hadharani, huenda likamfaa mwenye kobe mwingine.

Kobe wetu tumemrithi. Marehemu baba mkwe alikuwa naye nyumbani kwake Tanga tangu mke wangu hajaanza chuo, na mzee alipofariki, kobe akahamia kwetu pamoja na saa ya ukutani na kibali chake cha kufugia, maana kobe ni mnyamapori na sheria hairuhusu mtu kumwokota nyikani akamfanya wake. Ni kobe wa madoa meusi juu ya gamba la rangi ya mchanga, wa jamii ile ambayo wataalamu huifananisha na chui. Jina lake ni Mwinyi. Wasia wa mzee ulikuwa mfupi: "Msimwache na njaa." Nasi hatukumwacha. Ukoko wa wali, mkate uliolowekwa katika maziwa, ugali, ndizi mbivu, vyote vilivyobaki mezani vilikuwa fungu lake. Alikula bila ya kinyongo, nasi tukajihesabu kuwa tumetekeleza wasia.

Mwaka jana nilichoshwa na tope la masika nikauwekea saruji ua mzima, toka mlangoni hadi ukutani. Miezi michache baadaye binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, akanijia nikiwa ndiyo kwanza narudi kutoka swala ya alfajiri.

"Baba, Mwinyi anakula ukuta."

Nilicheka, nikamwambia kobe hana meno. Siku ya pili akaniambia tena, na siku ya tatu akanishika mkono akanipeleka. Ilikuwa kweli. Chini ya ukuta, mahali ambapo chokaa ilikuwa ikibanduka, palikuwa na alama za mdomo, safu kwa safu, kama mtu aliyemega mkate. Tangu siku hiyo nikaanza kuyaona mengine: Mwinyi akimeza kokoto, Mwinyi akiuguguna mfupa wa kuku uliodondoka kutoka jaani. Kisha likaja lililotutisha. Akaacha kula kabisa. Akawa anazunguka ua mchana kutwa, akisimama pembeni na kuikwangua saruji kwa miguu ya nyuma. Mimi nikasema ni uzee. Mke wangu akanijibu kwa upole uliokuwa mzito kuliko lawama: "Mnyama wa baba hajakataa chakula miaka yote hiyo. Lipo jambo." Tukamwita daktari wa mifugo.

Kabla sijaeleza alichokiona, nitangulize niliyojifunza, kwa sababu ulaji wa kobe unaotushangaza mara nyingi una maana yake. Kobe halii, habweki, wala uso wake haubadiliki. Akiwa na haja, huionyesha kwa anachokila na anachokiacha.

Kwanza, tusidhani kobe ni mla majani asiyegusa kingine. Mwaka 2020, katika kisiwa cha Frégate huko Shelisheli, watafiti walimpiga picha kobe mkubwa akimnyatia kinda wa ndege wa baharini juu ya gogo, akamuua kwa kumwuma kichwani na kummeza. Kobe huyo ni wa jamii moja na wale wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Makobe wa madoa nao, huko nyikani, huonekana wakiguguna mifupa mikavu na kula kinyesi cheupe cha fisi. Weupe huo hutokana na mifupa aliyoisaga fisi, nao ndio wenye madini ya kalisi anayohitaji kobe kwa ajili ya gamba na mifupa yake.

Kwa hiyo kobe anayelamba chokaa, kumeza udongo au kutafuta mifupa, aghalabu anatafuta madini aliyoyakosa katika sahani yake. Wali, mkate na ugali humshibisha, lakini vina kalisi haba na nyuzinyuzi kidogo mno kwa tumbo lake. Matunda matamu yakizidi humharisha. Nyama na vyakula vya mbwa humkuza kwa pupa isiyo na heri. Na madhara yenyewe huja polepole: kobe mchanga akilishwa vibaya, gamba lake huota vinundu au hulegea, na ataubeba ulemavu huo maisha yake yote, ambayo yaweza kuwa marefu kuliko ya aliyemlisha.

Chakula kilichomfaa tangu awali ni kile tusichokinunua: nyasi za aina mbalimbali, magugu, mchunga, majani ya mforosadi, vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Mchicha apewe mara mojamoja tu, kwani una tindikali inayoizuia kalisi isimfikie. Aachiwe mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaotupwa na mawimbi ufukweni, augugune apendapo. Au maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Na juu ya yote apate jua lenyewe, si lile linalopita kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu bila ya jua mwili wake hautengenezi vitamini D, na bila ya vitamini hiyo kalisi aliyoila humpita bure.

Pili, si kila kinacholiwa ovyo ni dalili ya upungufu. Kobe huvutwa sana na rangi nyekundu na ya njano. Ndiyo maana huiuma kandambili ya mtoto, kifuniko cha chupa, hata kidole cha mguu kilichotiwa hina. Plastiki na kokoto zikijaa tumboni huweza kuziba njia ya chakula. Akila kinyesi, chake au cha mnyama mwingine, tusimwone mchafu, kwani huko porini ndivyo apatavyo vijidudu vya kumsaidia kusaga majani. Lakini ndani ya ua mdogo kinyesi hicho hicho humrudishia minyoo, basi kizolewe kila siku. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, kwa kuwa kobe aliye mzima kabisa aweza kuwa na vimelea vya kuharisha.

Tatu, kobe anayeacha kula asilazimishwe kwa kufunguliwa mdomo. Tuulize kwanza: je, kuna baridi? Damu yake hufuata joto la nje, na wakati wa kipupwe, hasa kwa wakaao milimani, tumbo lake halifanyi kazi mpaka jua limpashe. Je, ana kiu? Awekwe katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni. Je, analenga jani na kulikosa? Huenda mdomo wake umerefuka kupita kiasi, au macho yamefifia. Kobe mkongwe Jonathan, aliyepelekwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882, alipozeeka akapoteza kuona na kunusa, na mdomo wake ukawa butu. Daktari wake alipoanza kumlisha mboga na matunda kwa mkono, mdomo ukarudi kuwa mkali. Lakini kobe anayetoa mapovu puani, au anayepumua kwa kuachama na kunyoosha shingo, huyo ni mgonjwa. Asisubiri kesho.

Sasa nirudi kwa Mwinyi. Daktari hakuanza na mdomo wala ukuta. Alimwinua kwa mikono miwili, akamtazama tumboni na mkiani, kisha akatugeukia.

"Nani aliyewaambieni huyu ni dume?"

Gamba la tumbo la dume huwa na bonde. La Mwinyi lilikuwa tambarare, na mkia wake mfupi. Picha ya eksirei ikatuonyesha mayai tisa. Alikuwa akiitafuna chokaa kwa sababu maganda ya mayai hujengwa kwa kalisi, naye hakuipata katika ukoko wetu. Aliacha kula kwa sababu siku zake za kutaga zilikuwa zimewadia. Na aliikwangua saruji kwa sababu alitaka udongo, nami nilikuwa nimeufunika wote. Kobe hutaga akiwa amechimba. Akikosa pa kuchimba huweza kuyazuia mayai tumboni hadi yamuue. Daktari alisema ipo sindano ya kumsaidia, lakini kwanza tumpe ardhi.

Jioni ile nilishika nyundo mwenyewe. Nikaivunja saruji niliyoilipia, katika kona inayopata jua, nikajaza udongo uliochanganywa na mchanga kwa kina cha futi mbili, tukaunyunyizia maji. Siku ya kwanza hakuutazama. Siku ya pili, baada ya alasiri, alipanda juu yake, akageuka, akaanza kuchimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, akiulainisha udongo kwa mkojo wake. Binti yangu alikaa mbali kama tulivyoelekezwa, akihesabu kwa vidole. Hadi inaadhiniwa maghrib alikuwa amefika tisa. Asubuhi yake Mwinyi alikula nyasi.

Mayai hayakuanguliwa, wala daktari hakututia tamaa, kwa kuwa ameishi miaka mingi bila ya dume. Jina hatukulibadilisha, ila watoto sasa humwita Bi Mwinyi. Wali haupati tena, na kila Ijumaa asubuhi binti yangu humkatia nyasi kwa mikono yake.

Wasia wa baba mkwe tuliutekeleza kwa maneno yake, tukausahau kwa maana yake. Hakuwa na njaa ya tumbo siku zile. Alikuwa na njaa ya chokaa na udongo, na aliyeiona mwanzo alikuwa mtoto niliyemcheka.

Fundi aliyenijengea ua hupita mara kwa mara na kuniuliza ni lini aje aizibe ile kona. Namwambia kona ile haizibwi.