Mwili ni Amana, Hata Kipande Chake

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kila maradhi yana dawa. Mwaka 1997 huko Marekani, Mina Bissell, mzaliwa wa Tehran, na wenzake walikuza seli za saratani ya titi ndani ya ute unaofanana na mazingira ya mwilini. Walipoizuia protini moja iliyo juu ya seli hizo, zikarejea katika mpangilio wake.

Leo vipande vya tishu za wagonjwa hukuzwa maabara ili dawa zijaribiwe juu yake. Lakini mwili ni amana: kisichukuliwe kipande bila ridhaa, wala ridhaa isiombwe kwa maneno asiyoyafahamu mwenyewe. Atoaye kwa hiari, tunamtarajia ujira kwa Allah.

Nawe dada, ukihisi uvimbe titini, usingoje maabara. Nenda hospitali mapema.