Mzee wa Kijani

Msafiri afikaye Tunduma, mpakani na Zambia, hukuta misururu ya malori na reli ya TAZARA ipitayo mjini humo. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ingalimo katika picha nyeusi na nyeupe zilizofungiwa makabatini mwa wazee wengi, bara na visiwani. Mwaka jana nasi tulipeleka picha moja ya namna hiyo katika duka la mji huo ili itolewe upya: mzee wetu, Mpemba, amesimama kando ya mataruma. Tulirudishiwa Mpemba wa kijani, kanzu yake imepoteza mikunjo yote, na koti limekuwa doa moja jeusi.

Hatumlaumu kijana aliyeichapa. Kwenye kioo cha kompyuta yake picha ilikuwa safi. Tuliiona kwa macho yetu. Lakini kioo hutoa nuru, ilhali karatasi huirudisha tu, na weusi wa karatasi isiyong'aa haufikii ule wa karatasi ing'aayo. Tena, printa nyingi za wino hupata kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi. Mchanganyiko ukipotoka kidogo, kijivu huegemea kijani au zambarau, na picha iliyoonekana sawa chini ya taa ya dukani hugeuka ifikapo juani.

Dawa ipo, wala si siri. Kwa kila aina ya karatasi na wino, mchapaji huchapa vipande vya kijivu kutoka weupe hadi weusi, huviacha vikauke, kisha huvipima kwa chombo cha kupimia rangi. Vipimo hivyo huwa faili liitwalo profaili, liielezalo kompyuta tabia ya printa ile na karatasi ile. Hapo picha huhakikiwa kiooni kabla tone la wino halijadondoka: kompyuta huonyesha weusi uliofifia na weupe wa karatasi yenyewe, na vivuli hurekebishwa mapema. Kioo nacho sharti kipimwe, la sivyo uhakiki huo ni bahati nasibu. Na karatasi ikibadilika, profaili ya zamani haifai tena.

Unguja ina hazina ya picha, zikiwemo za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na zile zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016, una kimondo cha Mbozi, pande la chuma ambalo likichapwa vibaya halitofautiani na kivuli chake. Hata hivyo, mara nyingi ofisi huagiza printa kwa kuuliza kasi yake tu. Chombo cha kupimia hakikumbukwi. Chombo kimoja chatosha ofisi kadhaa, maana hakitumiki kila siku. Twawaomba maafisa wa bajeti, Unguja na Songwe, wakitie katika makadirio yajayo, na afunzwe mtu wa kukitumia kabla printa haijatolewa ndani ya boksi.

Mpemba wetu wa kijani tumemtundika ukutani ofisini. Afisa yeyote apitaye anakaribishwa kumtazama.