Tarehe Mbili Katika Chupa Moja

Mnunuzi wa dawa nchini Kenya amezoea kugeuza pakiti na kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Akikuta imepita, huirudisha. Zoea hilo ni jema. Hata hivyo, humtatiza pindi anapojitolea kushiriki katika majaribio ya dawa mpya, kwa kuwa huko tarehe huweza kusogezwa mbele.

Kusogezwa huko si ulaghai. Dawa mpya haina historia. Watengenezaji huhifadhi sampuli katika nyuzi 25 au 30 za Selsiasi, na nyingine katika nyuzi 40 ili kuharakisha uchakavu, kisha huzipima kila baada ya miezi kadhaa. Jaribio linapoanza, huenda vipimo vilivyopo ni vya miezi sita tu, hivyo muda unaoruhusiwa huwa mfupi. Matokeo mema yakiongezeka, muda nao huongezwa na kibandiko kipya hubandikwa. Mwongozo wa Ulaya umeruhusu kibandiko hicho kifunike tarehe ya awali, ila si namba ya bechi.

Hapa ndipo mipango ya ugavi hupimwa. Dawa inayokwisha muda tarehe 31 Desemba haiwezi kukabidhiwa mshiriki mwezi Novemba ikiwa chupa ni ya miezi mitatu. Kwake yeye, dawa hiyo ilikwisha Septemba. Ziondolewe pia wiki za safari, forodha na vibali. Hesabu sahihi huanzia kwenye kidonge cha mwisho cha mshiriki wa mwisho, ikarudi nyuma. Mpangaji anayeanzia bandarini hujikuta na bohari iliyojaa ilhali kliniki haina cha kutoa, na anayekatiziwa dawa katikati ya jaribio ni mgonjwa, si tarakimu.

Wapo wanaopendelea njia ya mkato: tarehe isiandikwe. Kanuni za Marekani huziondolea dawa za majaribio sharti hilo, mradi uthabiti wake uwe umethibitishwa. Nao Umoja wa Ulaya uliulegezea kamba mwaka 2022 upande wa kifungashio cha ndani. Kompyuta, wanadai, itazuia chupa iliyopitwa na wakati isitolewe. Hoja hiyo ina uzito, kwani kila kifurushi kinachofunguliwa ili kibandikwe upya huongeza uwezekano wa kukosea. Lakini anayenufaika ni mpangaji. Mshiriki huiweka dawa nyumbani, mbali na kompyuta hiyo, na chupa isiyo na tarehe humnyima haki ambayo hata mnunuzi wa dawa ya kichwa anayo.

Afadhali tarehe ibaki, na mabadiliko yake yaelezwe mapema. Sentensi mbili za Kiswahili katika fomu ya ridhaa zingetosha: kwamba tarehe huenda ikasogezwa, na kwamba husogezwa baada ya vipimo na kwa idhini ya nani. Watafsiri nao watenganishe "kwisha muda" na "kuharibika", maana mshiriki anayeyachanganya maneno hayo ataitupa chupa jalalani bila kumwambia muuguzi.