KINA MAMA WA NGOMA NA DENI LETU

Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba wanawake wa Dar es Salaam walianza kujiunga pamoja siku ile siasa ilipowaita. Maneno hayo si kweli, na anayeyasema hupunguza sifa ya mama zetu.

Kabla siasa haijafika Kariakoo, Ilala na Gerezani, vyama vya kina mama vilikuwapo. Vilikuwapo vyama vya lelemama na ngoma nyinginezo, na karibu yake vilabu vya taarabu kama Al-Watan na Egyptian. Mtu mgeni aliona kanga za sare na kusikia vigelegele, akadhani huo ni upuuzi. Walakini aliyekuwa mwenyeji alijua kwamba kila chama kina wakubwa wake, kina michango, na kina desturi. Mwenzao akifiwa, walifika. Akioza binti, walifika. Mke aliyetoka bara, asiye na ndugu mjini, alipata ndugu humo.

Serikali ya kikoloni haikuona nguvu hiyo. Mwaka 1951 liliundwa Baraza la Wanawake la Tanganyika, likiongozwa na wake wa wakubwa wa Kizungu, nalo likafundisha kushona, kupika na kulea watoto. Elimu hiyo haikuwa mbaya, na hatuibezi. Kosa lake ni kwamba ilimfikiria mwanamke kuwa mtu wa kufundishwa tu, asiye na jambo la kuwafundisha wengine.

TANU nayo, hatuna budi kukiri, ilichelewa. Ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka mmoja baadaye mgeni kutoka Chama cha Leba cha Uingereza, Bwana John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Wazee wetu waliona haya. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, akapewa kazi ya sehemu ya wanawake.

Bibi Titi hakwenda kugonga mlango mmoja mmoja kama mwuza mkaa. Aliwaendea wakuu wa vyama vya ngoma. Mkuu alipokubali, chama chake chote kilikubali, maana walikuwa wamekwisha kuaminiana kwa miaka mingi. Kabla mwaka 1955 haujakwisha, wanawake waliojiandikisha walihesabiwa kuwa 5,000. Tena tukumbuke kwamba watumishi wa serikali walikatazwa kuingia katika siasa. Mume alinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Mke, mwenye senti zake za vitumbua na samaki, alinunua kadi.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Faida ya umoja ni kubwa. Lakini tuseme kweli: nguvu iliyotoka chini sasa ilianza kungojea amri ya juu, na mara nyingi kina mama waliitwa kuimba wageni wanapopokewa, wakasahauliwa mambo yanapokatwa. Bibi Titi mwenyewe alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akafunguliwa mwaka 1972, na kwa muda mrefu jina lake halikutajwa. Leo barabara kubwa ya jiji ina jina lake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alingoja sana kutunzwa.

Mambo haya si ya kale tu. Sheria ya mwaka 2018 inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na katika hizo, 4 ni za vikundi vya wanawake. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwenda kwa vikundi hewa. Ikaanza tena mwaka 2024. Hasara hiyo inatufundisha jambo lile lile alilolijua Bibi Titi. Kikundi kilichoundwa juzi kwa ajili ya fomu hakina mdhamini ila karatasi. Kikundi cha kweli hujulikana msibani, arusini, na katika upatu usiokosa zamu.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa matawi na wafanyakazi wenzetu: kabla ya kuunda kikundi kipya, tazameni kwanza vile vilivyopo mtaani. Waulizeni kina mama wenyewe ni nani wanayemwamini. Tena mkiwaita, msiwaite kupiga vigelegele tu. Wapeni kiti, wapeni daftari la hesabu, na mambo yanapokatwa, wawepo.

Nchi hii iliamka kwa ngoma yao. Si haki wabaki nje ya ukumbi.