KONA YA MICHEZO: Nonda ni wa wapi?



Mwezi uliopita watoto wetu wa darasa la sita walicheza mpira na watoto wa kijiji jirani. Tulifungwa mbili kwa moja, lakini hiyo si habari. Habari ni ugomvi uliofuata. Mshambuliaji wetu mmoja amezaliwa Gitega, amekulia huku Muyinga, na wazazi wake wametoka Uvira. Alipokosa bao la wazi, wenzake wa kambini wakasema eti amewaachia Warundi kwa sababu kazaliwa kwao. Watoto wa kijiji nao wakamwita Mkongomani, arudi kwao. Kijana akavua jezi. Kesho yake akatuuliza: "Mwalimu, sasa mimi ni wa wapi?"

Jibu la haraka hatukuwa nalo. Tukamsimulia habari za Shabani Nonda.

Nonda alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977. Mpira aliuanza hapa hapa Burundi, akavuka Tanzania kuchezea Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, halafu FC Zürich ya Uswisi. Kutoka huko akaingia Ufaransa, kwanza Rennes, na mwaka 2000 Monaco. Msimu wa 2002-2003 alipachika mabao 26, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Na huyo mtoto wa Bujumbura, jezi ya taifa aliyovaa ukubwani ni ya Kongo.

Mambo hayakuwa laini siku zote. Mwaka 2003 aliumia vibaya, akakaa nje miezi mingi. Msimu ule Monaco ilikuwa na Morientes, aliyeazimwa kutoka Real Madrid, naye alikuwa anafunga kweli kweli. Wengine wangekata tamaa. Aprili 2004, nusu fainali ya klabu bingwa Ulaya, Monaco ilibaki na watu kumi mbele ya Chelsea. Nonda akatoka benchi, akafunga la tatu: 3-1! Fainali walifungwa na Porto 3-0, lakini yeye aliendelea, Roma, Blackburn, mpaka Galatasaray iliyochukua ubingwa wa Uturuki mwaka 2008.

Saido Berahino alipita njia ya kinyume. Naye alizaliwa Bujumbura, vita vikampeleka Uingereza akiwa mtoto, akachezea timu za vijana za huko. Mwaka 2018 akachagua Burundi, na mwaka 2019 alikuwa na Intamba mu Rugamba Misri, mara yao ya kwanza Kombe la Afrika.

Kumbe mtu anaweza kuwa wa pande mbili, na hakuna wa kumpokonya hata mmoja.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani na swali hilo, tafadhali msimfokee. Mwambieni babu yake alilima wapi, na yeye mwenyewe alizaliwa wapi. Yote mawili ni yake. Na nyinyi vijana, mwenzenu akikosa bao, mwambieni alenge vizuri, basi. Kwao musikutaje.

Kijana wetu alisikiliza, akauliza kama Nonda naye alikosa mabao ya wazi. Tukamjibu: mengi tu! Jumamosi tulimwona pembeni ya uwanja. Jezi hajavaa bado, ila viatu alikuwa navyo.

Tukutane mwezi ujao.