Ngamia Hana Hatia

Siku moja darasani mwangu mwanafunzi mmoja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Marsabit, alishikwa na kikohozi. Jirani yake akavuta dawati kando, akasema, "Jihadharini na homa ya ngamia!" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana katika mzaha ule nilisikia fikira mbaya waliyo nayo hata watu wazima: kwamba ugonjwa ukitoka kwa mnyama, basi wa kulaumiwa ni mnyama huyo na mwenyewe amfugaye.

Hebu tuitazame habari yenyewe. Mwaka 2012, mjini Jeddah katika Saudi Arabia, mtu mmoja alikufa kwa ugonjwa wa mapafu na figo. Daktari Ali Mohamed Zaki, Mmisri, alipochunguza makohozi yake alikuta virusi ambavyo havijapata kujulikana. Ugonjwa huo ukaitwa MERS. Baadaye ilionekana kwamba virusi hivyo hukaa puani mwa ngamia, hasa nirigi, na huweza kumwingia mtu anayekaa karibu nao. Tangu hapo watu zaidi ya 2,600 wameugua, na zaidi ya 900 wamekufa, wengi wao huko huko Arabuni.

Wako wasemao, "Basi ngamia na wachinjwe wote!" Hayo ni maneno ya pupa. Damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilipopimwa, ilikutwa na alama za virusi hivyo. Yaani miaka ishirini kabla ya ugonjwa kupewa jina, wafugaji wetu walikuwa wakiishi nao, wala hatukusikia maafa kama yale ya Arabuni. Na ukame ukija, ng'ombe wakiisha kufa, ni nani atakayemnywesha maziwa mtoto wa Wajir kama si ngamia?

Tena tazama Korea Kusini. Mei 2015 msafiri mmoja alirudi huko kutoka Arabuni akiwa na virusi. Alikwenda hospitali hii na hospitali ile kabla ugonjwa wake haujatambuliwa. Mwisho wake watu 186 waliugua, na 38 wakafa. Je, ni ngamia gani aliyeingia katika wodi zile? Waliambukizana watu kwa watu, katika vyumba vilivyosongamana, na serikali ikakawia kuzitaja hospitali zenye ugonjwa. Aliyewaua hao ni siri na msongamano.

Basi hoja yangu ni hii. Anayechekwa hunyamaza, anayenyamaza hatibiwi, asiyetibiwa huambukiza. Husemwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, lakini anayemlazimisha mwenziwe kuficha hana lawama ndogo.

Sisemi kwamba mfugaji hana wajibu. Maziwa na yachemshwe, hata kama babu zetu waliyanywa mabichi; mikono na ioshwe baada ya kushika wanyama; na mwenye homa na kikohozi aende zahanati, aseme waziwazi kwamba yeye ni mchunga ngamia. Lakini atasemaje waziwazi, ikiwa jina la mnyama wake tumeligeuza kuwa tusi?

Ewe kijana usomaye, siku mwenzako atakapokohoa, mwulize hali yake na umpeleke kwa daktari. Dawati liache mahali pake.