Baiskeli isiyosimama yenyewe haimfai mchuuzi

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Waliosimama kando ya barabara, na sisi wa Bujumbura tuliotazama kwenye runinga, tuliona baiskeli zilizovuliwa kila kitu. Hazina madigadi, hazina keria, hazina kengele wala taa, na stendi, ule mguu wa kuisimamishia baiskeli, haipo kabisa. Kanuni za mchezo huo zinataka baiskeli isipungue kilo 6.8, na mafundi wa timu hupigana na kila gramu inayozidi hapo. Mwendeshaji akishuka, yupo mtu wa timu wa kuipokea.

Kwa mchezo, ni sawa kabisa. Shida inaanza pale sura ya baiskeli ile inapohamia dukani kwetu na kuanza kuuzwa kwa mtu ambaye hana timu.

Tangu petroli ianze kuadimika Burundi, ikinga, kama tunavyoiita hapa, imerudi kuwa chombo cha watu wengi. Anayeingia dukani leo hukutana na aina mbili. Ipo ile nyeusi ya chuma ambayo babu zetu waliijua, iliyotengenezwa India au China, yenye stendi ya miguu miwili nyuma, keria, kengele na kifuniko cha cheni. Na ipo ya gia, yenye tairi nene, rangi ya kung'aa na fremu ya alumini, isiyo na kingine chochote. Hii ya pili ndiyo huitwa ya kisasa, na kijana anayeanza biashara huichagua kwa sababu ya jina hilo tu. Akiuliza stendi, huambiwa hayo ni mambo ya wazee.

Nasema wazi kwamba mimi niko upande wa wazee. Kwa mchuuzi wa mpakani, stendi na keria ndizo zinazofanya kazi; magurudumu yanazisafirisha tu.

Mchukue mtu anayetoka Bujumbura kwenda Uvira, mpaka unapokuwa wazi. Safari haifiki kilomita 30. Hesabu ni mara ngapi lazima aiachie baiskeli yake. Anaiachia sokoni akifunga mzigo. Anaiachia kwenye kizuizi cha polisi akitoa kitambulisho. Gatumba anaiachia kwenye dirisha la uhamiaji, halafu kwa afisa wa forodha anayetaka gunia lifunguliwe. Kavimvira yote hayo yanarudiwa upande wa Kongo. Kisha kuna mbadilisha fedha, na mbadilisha fedha hahesabiwi noti kwa mkono mmoja. Mwisho kuna mteja, ambaye naye anataka kuona kilichomo kabla ya kulipa.

Asiye na stendi ana njia tatu kila anaposimama. Anaweza kuilaza chini, na nyanya ziwe uji, mafuta ya mawese yavuje kwenye unga. Anaweza kuiegemeza ukutani, ikiwa upo ukuta na mwenye ukuta hana maneno. Au anamlipa kijana wa kuishika. Kijana huyo ni ushuru ambao haumo katika kitabu chochote cha Jumuiya. Nchi zetu zilikubaliana kuwa na utaratibu rahisi kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani zilizomo katika orodha ya pamoja, kusudi mwenye mtaji mdogo ajaze fomu mwenyewe bila kumlipa wakala. Mama anayevuka peke yake akamlipa mshika baiskeli upande huu na mwingine upande wa pili, tayari ameajiri mawakala wawili. Na hapo hatujazungumzia kinachopungua katika gunia wakati yeye yuko dirishani.

Sasa, stendi si zote. Hapa ndipo wauzaji wa baiskeli za kisasa wana hoja, na inafaa wasikilizwe. Stendi ya mguu mmoja, ile inayochomoza upande wa kushoto, hufanya baiskeli iiname. Baiskeli tupu huinama na kutulia. Ukiweka gunia la kilo 50 juu ya keria, uzito wote unaelekea upande ule ulioinama, mguu unazama kwenye udongo, na kila kitu kinakwenda chini. Isitoshe, stendi nyingi za aina hiyo hubanwa kwa skrubu kwenye mabomba membamba ya fremu, na bomba la alumini likikazwa kupita kiasi hubonyea. Bomba lililobonyea ndipo mpasuko unapoanzia. Kwa baiskeli ya namna hiyo, bora isiwe na stendi kuliko kuwa na ile ya kubandika.

Stendi ya miguu miwili ni kitu kingine. Inakaa katikati, inainua gurudumu la nyuma, na uzito unashuka wima ardhini. Unaweza kufunga mzigo peke yako, upande huu na ule, bila kumwita mtu. Cheni ikitoka unairudisha hapo hapo. Wazoefu huongeza kipande cha mpira wa tyubu kwenye mkono wa breki ya mbele, ukivutwa na kufungwa, gurudumu la mbele lisizunguke na baiskeli isitembee yenyewe. Kipande hicho hakigharimu chochote.

Wengi hudhani kwamba kisichokuja na baiskeli kitaongezwa Buyenzi. Mafundi wa Buyenzi nawaheshimu. Watakukunjia nondo mpaka iwe keria inayobeba mtu mzima na mbuzi wake, na kwa fremu ya chuma watachomelea na kazi itadumu. Lakini alumini haichomelewi kwa mashine ile ile na vijiti vile vile vya chuma. Anayekuahidi kwamba ataiweza kwa vifaa hivyo anakuuzia safari moja. Kwa hiyo uamuzi kuhusu stendi na keria unafanyika siku ya kununua fremu. Baada ya hapo umechelewa.

Nitaulizwa kuhusu wabeba ndizi wa Bugarama. Hao wanashuka barabara ya RN1 na mikungu inayozidi kilo 100, mteremko wa zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani, na mzigo wao unaning'inia pande zote kiasi kwamba hata ingekuwepo stendi, mguu usingeifikia. Je, hao si ushahidi kwamba mbebaji hodari haihitaji? Tazama vizuri. Katika ukanda wetu wote, mwenye mzigo mpana kama huo hutembea na fimbo yenye panda, na akifika anaitia chini ya keria au kiti, baiskeli ikasimama. Hiyo fimbo ni stendi. Haijauzwa dukani, basi. Wavietnamu walipopeleka chakula na silaha Dien Bien Phu mwaka 1954, walifunga mianzi kwenye usukani na nyuma ya kiti, wakasukuma zaidi ya kilo 200 kwa baiskeli moja. Hakuna aliyewahi kubeba mzigo wa maana kwa kupunguza vitu kwenye baiskeli. Wote waliongeza.

Na kama kuna mtu wa Afrika Mashariki anayedharau vifaa vya kuongezea, mkumbushe Busia. Miaka ya 1960, kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri alilazimika kukivuka kwa miguu na mizigo yake. Wenye baiskeli wakaweka mto juu ya keria na kuanza kuita abiria, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na Kiingereza cha "mpaka" kikageuka kuwa boda boda. Kazi ambayo leo inalisha vijana kutoka Kampala hadi Mombasa, kwa pikipiki sasa, ilizaliwa mpakani juu ya keria iliyotiwa mto.

Kusema hivi si kusema turudi kwenye nyeusi ya babu. Gia zinamsaidia mtu anayepanda vilima vyetu, na breki za diski ni jambo ninalolitamani kwa kila anayeteremka kutoka Bugarama na mvua. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ili upate breki nzuri lazima upoteze stendi. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, lilibuni baiskeli iitwayo Buffalo kwa ajili ya barabara za Afrika, na imetumika Kenya, Zambia, Malawi na kwingineko. Ni ya chuma, ni nzito, keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na ina stendi imara. Waliibuni katika karne hii, wakiwa na kila teknolojia mbele yao, na stendi wakaiweka.

Taa na kioo chekundu cha nyuma nataka niviseme kwa ufupi kwa sababu havina ubishi. Hapa giza linaingia saa kumi na mbili na nusu jioni, na foleni ya mpakani haijali saa. Ujerumani sheria inaitaka baiskeli ya barabarani iwe na taa, kengele na vya kuakisi mwanga, na barabara zao zina taa kuliko zetu. Kengele nayo ibaki. Machi 2022 serikali ilipozuia baiskeli, pikipiki na bajaji zisiingie sehemu kubwa ya katikati ya Bujumbura, sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa ajali. Ukweli wote wa uamuzi ule tunaweza kuubishania siku nyingine, lakini anayetembea gizani bila taa anawapa hoja wanaotaka kutuondoa barabarani.

Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu ndio mnaoagiza baiskeli kwa kontena kupitia Dar es Salaam na Kobero. Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapoagiza za gia, ulizeni kama fremu ina kile kipande bapa nyuma ya pedali kinachoshika stendi ya katikati, na matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma ya kushikia keria. Viwanda vinatengeneza za namna zote mbili. Kinachoamua ni aliyejaza oda.

Na wewe unayenunua moja tu, kwa akiba ya miezi, usiijaribu kwa kuizungusha mbele ya duka. Omba mfuko wa saruji, huwa upo jirani. Uweke juu ya keria, shusha stendi, kisha ondoa mikono yote miwili na uhesabu pole pole hadi mia, kama anayesubiri muhuri Gatumba. Muuzaji akikukataza kujaribu, usimbembeleze. Nenda duka linalofuata.